Mchi Kabla ya Mtutu

Marehemu alimwingia Somoe kupitia begani, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Kwanza bega la kulia lilirudi nyuma kidogo, likatafuta pa kukaa. Shingo ikainama, shavu likashuka na kulala juu ya kitako cha bunduki ambayo haikuwapo. Kiwiko cha kushoto kikajisogeza chini ya hewa tupu, kikasimama wima kama nguzo ya banda. Somoe Mapunda alikuwa amelala kifudifudi kwenye godoro la karakana, amevaa joho la nyaya lililombana kuanzia kisogoni hadi ncha za vidole, na hakuna kiungo hata kimoja alichokuwa akikiendesha yeye. Mwendeshaji alikuwa Afande Kambanga Haule, ambaye alizikwa masika ya mwaka juzi.

"Umefika?" aliuliza Kamanda Mrutu kutoka mlangoni.

"Bado anavuta pumzi," Somoe akajibu kwa taabu, maana hata mbavu hazikuwa zake.

Pumzi ikaingia. Ikatoka nusu. Kidole cha shahada kikagusa kifyatulio kisichokuwapo, na hapo mwili wote ukatulia kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Haukukaza wala haukulegea. Ulingoja tu. Kisha kidole kikabana polepole, kama mnunuzi wa sokoni anavyobonyeza parachichi, na kazi ikaisha.

"Hapo!" Mrutu akapiga kiganja kwenye mlango. "Hapo hapo. Hicho ndicho ninachotaka ukitoe."

Siku hizo hakukuwa na mtu aliyejifunza kazi kwa jasho. Ukitaka uashi, unalala ndani ya joho lenye mbegu ya mwashi hodari; usiku nyaya zinanong'ona na mishipa yako, na baada ya juma moja unaamka mikono inajua kupanga tofali, ingawa kichwa hakijui imejuaje. Mtu aliyetolewa mbegu aliitwa shina, na aliyepandwa aliitwa shamba. Na kati ya shina na shamba alikaa mpembuzi, kwa sababu mbegu hubeba kila kitu, nafaka na pumba zake: kikohozi cha shina, goti lake bovu, namna anavyojikuna. Mpembuzi huvaa joho, akauachia mwili wake uendeshwe, akatafuta kilicho pumba, akakipeperusha.

Somoe ndiye aliyekuwa mpembuzi wa Kambi ya Nakambale, kambi ya askari wa hifadhi. Alikuwa amekwisha kutoa kikohozi cha Afande Haule. Alitoa maumivu ya goti la kushoto yaliyomfanya mzee achuchumae upande. Alitoa ile tabia ya kupangusa pua kwa kidole gumba kabla ya kupiga akiwa amesimama, na siku hiyo alipofika nyumbani alilia bila kujua analilia nini. Kila pumba aliyoipeperusha ilikuwa kipande cha mwalimu wake.

"Kamanda, kile kituo cha kabla ya kubana si kikohozi," alisema akivua joho. "Ni kitu. Sijui kitu gani, lakini kimewekwa."

Mrutu aliingia, akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kubishana naye.

"Nchimbi na Kihongo walikuwa na mbegu hiyo hiyo," alisema. "Tuliwakuta mtoni, vidole viko kwenye vifyatulio, magazini zimejaa. Hawakupiga hata moja. Miili yao ilisita kama anavyosita marehemu, na majangili hawakusita. Nilimpeleka Nchimbi kwao mimi mwenyewe. Mama yake akaniuliza, mwanangu alijitetea? Ungemjibu nini, Somoe?"

Somoe alilikusanya joho magotini.

"Jumamosi ya juma lijalo napeleka kikosi kipya. Mdogo wako yumo. Kipembue, au nitafute mpembuzi mwingine."

*

Alipoondoka Kamanda, Somoe alibaki ameketi, joho limemlalia magotini kama nguo ya mtu aliyehama. Dirishani uliingia upepo uliobeba harufu ya vumbi lililonyweshwa mvua, na harufu hiyo ikamrudisha depo, kwenye kundi lao, kundi la mwisho kufundishwa kwa vumbi na matusi.

Barua ya wito ilisema kila kuruta aje na mchi wa kutwangia kutoka kwao. Walidhani ni wa jikoni. Walipofika, wakapangwa mstari, na mzee mmoja mfupi, mweusi tii, mwenye masikio yaliyosimama kama ya sungura, akapita mbele yao akiwakagua. Akamsimamia Somoe.

"Umeshika nini?"

"Mchi, afande!"

"Hiyo ni bunduki yako. Na mdomo wake umeuelekeza wapi?"

Somoe akatazama. Ncha ya mchi ilikuwa imemwelekea tumboni msichana aliyesimama jirani yake, kuruta mnene aliyeitwa Philomena.

"Umeshamuua," akasema Afande Haule. "Mbebe."

"Afande?"

"Maiti haijibebi! Mbebe, mzunguke naye uwanja. Na wewe marehemu, acha kucheka."

Tangu siku hiyo Somoe hakusahau sheria ya kwanza: mdomo wa bunduki hauelekezwi pale usipotaka kuzika. Masika nzima hawakuona chuma. Walilala na michi, wakala karibu na michi, wakajifunza mikao yote minne kwa michi, maana mchi ni mzito kuliko bunduki na hauna sifa za kumlevya mtu. "Simama ukilazimishwa," mzee alikuwa akiimba akipita nyuma yao, "piga goti ukipewa nafasi, kaa kitako ukipewa muda, lala ukipendwa na Mungu!" Aliwafundisha kufumba macho, kupumua, na kufumbua. Ukikuta mtutu umehama shabaha, usiuvute kwa mikono kama mbuzi wa mnadani. Hamisha kiuno, mwili wenyewe uelekee. Aliwafundisha kwamba nyama huchoka na mfupa hauchoki, kwa hiyo kiwiko kikae chini ya mzigo, kisitoke pembeni kama bawa la kuku.

Na mwisho wa kila zoezi alikuwa akichukua karanga ya kukaanga mfukoni, anaiweka juu ya mchi, mbele kabisa. Uigize kubana kifyatulio. Karanga isipoanguka, yako. Ikianguka, anaila yeye, taratibu, akikutazama machoni. Mzee yule alikula karanga za kundi zima mpaka wakaamini hana mshahara mwingine.

Pumzi alizifundisha kwa shairi. Alilitunga mwenyewe, na ole wako ulivunje. "Mizani ikizidi, pumzi inazidi," alikuwa akifoka, "na pumzi ikizidi, risasi inakwenda kwa jirani! Rudia!" Nao walirudia, vifua mavumbini, sauti za vijana zikipanda kama moshi wa asubuhi:

*Lala kama u mpenzi, ardhi ikupokee,*
*Kiwiko kiwe mlinzi, chuma kisikilemee,*
*Pumua kama u mwanzi, upepo utembelee,*
*Kidole ni mwanagenzi, jicho lake kingojee.*

Kwenye mstari wa nne mzee alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kubana. Wao wakanyamaza pia kwa sababu yeye alinyamaza. Wakasema ni mapenzi ya mzee kwa ushairi wake. Anapenda kuusikia ukitua.

Ilipofika siku ya kupewa bunduki, alimkabidhi Somoe ya kwanza. Somoe akaipokea kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga.

"Unalia nini? Ikague."

"Si umeshaikagua, afande?"

"Ikague kana kwamba aliyekupa ni mwongo. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

Sasa, karakanani, mkono wa Somoe ulikuwa juu ya joho lake, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile alitamani kikohozi kile angalau angekibakiza.

*

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula changu, nikala na cha Komba. Anasema anafunga kwa ajili ya mchumba."

Chande aliketi mbele yake bwaloni akicheka, miguu mirefu imepita chini ya meza mpaka upande wa pili. Nje vijana wa kikosi walikuwa wakifua sare kabla jua halijazama. Chande alikuwa mtoto wa zama zake: alikuwa na mbegu ya udereva, mbegu ya ushonaji, na mbegu ya gitaa aliyoinunua kwa mtu fulani wa Moshi.

"Bado unapiga?" Somoe akamuuliza.

"Vidole vinapiga. Mimi nasikiliza." Akanyoosha mikono, akaitazama kama mikono ya mgeni wa heshima. Kisha akaishusha sauti. "Dada, vijana wanauliza. Ile mbegu ya mzee wanaiita kigugumizi. Utakitoa?"

"Si kigugumizi."

"Ni nini basi?"

Somoe angesema nini? Kwamba alikuwa mzee aliyependa kusikia shairi likitua?

"Unaona?" Chande hakucheka tena. "Dada, wewe ulimpenda yule mzee, najua. Tangu nikiwa mdogo nyumbani tunakula Afande Haule, tunalala Afande Haule. Lakini majani yakitikisika mtoni, atakayekuwa amesimama pale ni mimi. Si wewe. Si Kamanda. Wala si marehemu, Mungu amrehemu, yeye kesharuka mto wake."

"Nami sitaki mwili wako ufanye jambo kabla yako."

"Mama alituacha wangapi?"

"Chande…"

"Wangapi, dada?"

"Wawili."

"Basi."

Neno lile lilimwingia Somoe mahali ambapo hoja za Kamanda hazikufika. Mtoto huyu Somoe alimbeba mgongoni. Alimfundisha kufunga kamba za viatu. Alimwogesha kwa nguvu huku mtoto akilia. Mpembuzi ni mpembuzi, lakini damu ni nzito kuliko joho.

Kesho yake asubuhi alikipembua kituo. Haikuwa kazi kubwa. Alikishika mwanzo, akakishika mwisho, akaunganisha pumzi na kidole, na mbegu ikawa nyororo kama kamba isiyo na fundo. Alipoivaa kuijaribu, mwili wake ulilala, ukalenga, ukabana, vyote kwa mfululizo mmoja kama maji yanayoporomoka kwenye jiwe. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi cha kutisha. Alimtafuta Afande Haule kila kona ya mwili wake asimkute, na hapo ndipo alipoelewa kwamba amemzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yake.

*

Ijumaa ya juma lililofuata, jua likiwa limeshapanda, walikutana uwanja wa shabaha. Bendera nyekundu ilikuwa juu. Chande alikuwa amelala na joho siku zote zile, na uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyevaa suti mpya. Mbele yake palikuwa na nyasi ndefu, na ndani ya nyasi sanamu za mbao zilizofichwa, za watu waliobeba bunduki begani, zilizosubiri kunyanyuliwa na mtambo.

Mrutu alinyoosha mkono na magazini iliyojaa. Somoe hakuipokea.

"Mbegu mpya hujaribiwa kwa chemba tupu kwanza, bila risasi, Kamanda."

"Sheria za mzee hizo."

"Za mzee."

Mrutu akashusha pumzi, akairudisha magazini mfukoni. Somoe aliikagua bunduki, akaikagua tena kana kwamba aliyempa ni mwongo, akampa mdogo wake. Chande akaipokea bila kuikagua. Mpembuzi aliyemtangulia Somoe alikiona kitendo hicho nacho ni pumba, akakipeperusha.

"Kaa tayari."

Sanamu ya kwanza ikainuka kushoto. Chande alikuwa amekwisha kuilenga kabla Somoe hajaiona vizuri. *Ta*, ikalia bunduki tupu. Ya pili kulia: *ta*. Alipiga goti, akasimama, akalala tena kama mtu aliyezaliwa vitani. Mrutu akatabasamu. Hata Somoe, Mungu amsamehe, alihisi fahari.

Sanamu ya tatu haikuinuka ilipotarajiwa. Palikuwa kimya. Kisha nyasi za upande wa mto zikagawanyika, na kitu kirefu kikajitokeza juu ya bega, na mtu chini yake.

*Ta.*

Alikuwa mwanamke. Begani alibeba mchi. Nyuma yake alitokea wa pili, wa tatu, wa nne, wote na michi mabegani, wote kimya. Kijijini kulikuwa na harusi, na katika nchi ile, wanawake wanaopeleka michi kwa mama wa bibi harusi hawaimbi njiani wala hawaitikii salamu mpaka watwange pigo la kwanza. Anayefungua kinywa kabla ya kinu, wanasema, anakula maneno ya maharusi, nao hawatapatana. Walikata njia ya mkato kwa sababu mto ulikuwa umejaa, na bendera waliiona kama nguo ya mtu iliyoanikwa.

Mwanamke wa mbele alisimama. Aliuona mtutu. Hata wakati ule hakupiga kelele. Alikaza mdomo wake uliofungwa kwa ajili ya mtoto wa mwenziwe, akamtazama Chande.

Bunduki ilianguka chini. Chande alikaa mavumbini, mikono ameiweka mbali na mwili kama mtu aliyeshika kinyesi.

"Sikuamua," alisema. "Dada. Dada, sikuamua mimi. Nilikuwa nasikiliza."

Somoe alimfikia, akamkumbatia kichwa. Juu ya kichwa kile alimwona Mrutu amesimama, mkono ungali mfukoni, umeshika magazini kupitia kitambaa, na uso umegeuka rangi ya jivu. Hakuna aliyehitaji kumwambia kilichokuwamo mfukoni mwake.

Wanawake walipita. Michi yao ilipanda na kushuka kwa hatua zao, mpaka nyasi zikawafunika tena.

*

Walikaa pale pale, watatu, chini.

"Rudisha kile kituo," Mrutu akasema mwishowe.

"Nitakirudisha. Lakini Nchimbi na Kihongo walikuwa nacho."

"Sasa unataka nifanye nini?" Sauti ya Kamanda ilipasuka. "Nikikiacha wanakufa wangu. Nikikitoa wanakufa wa watu. Niambie, mpembuzi! Wewe ndiye uliyelala ndani ya mwili wa yule mzee!"

Somoe alifumba macho. Ndani ya mwili wa yule mzee hakukuwa na jibu. Alikwisha kulitafuta huko mara ngapi? Akaliacha joho, akarudi kwenye kumbukumbu zake mwenyewe, zile ambazo hakuna waya uliozigusa. Vumbi. Jua mgongoni. Yeye amelala upande wa kushoto wa Afande Haule, karibu kiasi cha kusikia harufu ya karanga, akimwangalia anavyoonyesha. *Lala kama u mpenzi.* Kiwiko. *Pumua kama u mwanzi.* Jicho la kushoto la mzee limefumbwa, mikunjo imejaa pembeni. *Kidole ni mwanagenzi…*

Na jicho la kushoto likafumbuka.

Aliliona wazi kana kwamba ni leo. Kila mara, kwenye ule mstari, lile jicho lililofumbwa lilikuwa likifumbuka, likaacha shabaha, likazunguka: likatazama mikono ya sanamu, miguu yake, kilicho nyuma yake, nyasi za kulia na za kushoto. Kisha likafumbwa. Kisha kidole. Yeye aliliona mara nyingi kupita kiasi, ndiyo maana hakuliona kamwe.

"Joho linaishia wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Joho, Kamanda. Linaanzia kisogoni, linashuka. Uso haumo. Jicho halimo!" Akasimama. Sasa alikuwa akifoka kama mzee, na hakujali. "Alituambia kwa mdomo wake, tukadhani ni vina! *Jicho lake kingojee.* Kile kituo hakikuwa kusita. Alikuwa anaangalia. Mbegu ilibeba kungoja ikaacha kuangalia. Nchimbi na Kihongo waliambiwa na miili yao wangoje, na hakuna aliyewaambia wangoje nini! Walingoja gizani. Mtu anayejua cha kuangalia humaliza kabla ya nusu ya pumzi, anaona bunduki, anapiga. Anaona mchi, anashusha. Wao walikuwa wanatafuta mlango ambao hatukuwaonyesha."

Mrutu alisimama, akajipangusa vumbi. "Hilo haliwezi kutiwa kwenye mbegu."

"Haliwezi."

"Litafundishwa vipi?"

"Kwa vumbi."

"Somoe, nina askari mia tatu!"

"Una michi mingapi?"

Kamanda akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile kitu kilichofanana na kicheko kikamtoka puani. Kisha uso ukarudi mahali pake. "Kikosi hiki kimoja," alisema. "Nitakizuia. Lakini ujue, nikikizuia, mto unabaki wazi, na tembo watakaouawa humo ni wako na wangu."

"Najua."

"Na wakitoka hapa bado wanaweza kufa."

"Najua, Kamanda." Alimtazama Chande, aliyekuwa ameinamia mikono yake. "Lakini atakayekwenda mtoni atakuwa yeye mwenyewe."

*

Harusi ilipokwisha, Somoe alikwenda kijijini kuomba michi. Mwanamke aliyekuwa mbele siku ile aliitwa Mama Gaudensia, na sasa kinywa chake kilikuwa kimefunguka, na kilikuwa na madeni ya kulipa.

"Ati nini? Mnataka michi? Juzi mlitaka kuniua kwa ajili yake, leo mnaazima?"

"Ndiyo, mama. Tunaomba radhi, na tunaomba michi."

"Huyo kijana mwenye miguu kama korongo yupo?"

"Ni mdogo wangu."

"Mwambie nilijikojolea." Akageukia wenzake. "Nimetembea na mkojo mpaka kwenye kinu, na mdomo nimefunga! Maharusi hao wasipopatana nitawachapa." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mama Gaudensia akaacha kucheka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mchi ule ule, uliong'aa kwa mikono ya miaka. "Mpe huu. Auzoee uso wake."

Wanawake wakauleta kambini pamoja na mingine, na kwa kuwa walikuwa na hamu ya kuona, wakabaki pembeni ya uwanja na vibakuli vyao vya karanga, wakitoa maoni.

"Huyo anaushika kama mume wa mtu!"

"Inua tako, baba, hulali kwa mkweo!"

Vijana walikuwa wamelala mstari mmoja mavumbini, bila majoho, viwiko vinawauma, jasho linawaingia machoni. Mikono iliyozoea kujua sasa haikujua chochote. Komba alikuwa amekwisha kumbeba mwenzake uwanja mzima kwa kosa la mdomo wa mchi. Somoe alipita nyuma yao, na kila alipofungua kinywa alishangaa nani anayesema.

"Mfupa, si nyama! Kiwiko si bawa la kuku! Wewe, usiuvute kama mbuzi wa mnadani, hamisha kiuno! Mizani, Komba, umezidisha! Rudia!"

Wakarudia. Shairi likapanda tena juu ya vumbi, kwa sauti mpya, na Somoe akageukia upande mwingine kidogo, akapangusa pua kwa kidole gumba.

Alipofika kwa Chande, alichukua karanga mfukoni, akaiweka mbele kabisa ya mchi wa Mama Gaudensia.

"Isipoanguka, yako. Ikianguka, nakula mimi."

"Nimeshakuona ukila sita, dada."

"Hapa mimi ni afande. Lenga."

Chande alilenga shina la mti uliokauka ng'ambo ya uwanja. Bega likatafuta mahali pake, polepole, kwa kukosea na kusahihisha. Alivuta pumzi. Akaitoa nusu. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na mstari wa nne, na karanga ilikuwa imetulia kama imegandishwa.

Pembeni, Mama Gaudensia alikuwa amechoka kukaa. Alisimama, akajinyoosha, akaanza kukata uwanja kuelekea kwenye maji, bila kuuliza mtu, kama anavyopita mtu uwani kwake.

Somoe alimwona. Alijizuia asiseme neno.

Jicho la kushoto la Chande lilifumbuka. Likazunguka: mti, nyasi, na huyo, mama, mikono mitupu. Mchi ukainama. Aliuinamisha yeye, kwa mkono wake mwenyewe, mdomo wa mchi ukagusa ardhi mbele ya viwiko vyake, na karanga ikaviringika, ikaanguka vumbini.

Mama Gaudensia akapita. Hakugeuka.

Chande aliitazama karanga yake, kisha akamtazama dada yake kwa uso wa mtu aliyepoteza. "Imeanguka, afande."

Somoe alichuchumaa akiegemea upande mmoja, kama mtu mwenye goti bovu. Akaiokota. Akaipuliza vumbi, mara moja na mara ya pili, mpaka ikang'aa, akaiweka kwenye kiganja cha mdogo wake.

"Kula," alimwambia.